Kutafuta ruzuku ya shule na kuipata: mwongozo kwa walimu wakuu, kamati na bodi za shule

Andiko la kwanza nililoiandikia shule lilikuwa na kurasa 43. Niliomba madarasa manne, bwalo, kompyuta 20, uzio, kisima na basi dogo la wanafunzi. Nikabandika picha za watoto waliokaa chini, nikatoa nakala sita za rangi kwa pesa yangu, nikazisambaza kwa bahasha kwenye ofisi sita za Dar es Salaam. Tano hazikujibu. Ya sita ilijibu kwa mistari miwili: asante, ila hatujaelewa shule inaomba nini hasa.

Nilinuna wiki nzima. Miaka kadhaa baadaye nikajikuta upande wa pili wa meza, nikisaidia asasi moja kuchambua maombi, na hapo ndipo nilipoelewa. Rundo lilikuwa kubwa, muda mdogo, na karibu kila andiko lilikuwa linalia. Yaliyobaki mezani hadi mwisho yalitoka kwenye shule zilizokuwa zimejihesabu: zinajua zina nini, zimepungukiwa na nini, na wazazi wameshafika wapi kabla ya kumpigia mtu hodi.

Ninachoandika hapa kinahusu shule za Tanzania, hasa za serikali. Shule binafsi zisizoendeshwa kwa faida zitachukua kinachozifaa.

Hatua ya kwanza: jihesabu

Usianze na mfadhili. Anza na daftari la mahudhurio.

Tuseme shule yako ya msingi ina wanafunzi 840, wasichana 430 na wavulana 410. Kiwango cha serikali cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Piga hesabu: wasichana wanahitaji matundu 22, wavulana 17, jumla 39. Yanayotumika yapo 12. Upungufu ni 27. Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko kurasa tatu za "shule yetu inakabiliwa na changamoto lukuki".

Endelea. Mfadhili atauliza kwa nini msijenge wenyewe. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Iliyobaki ni ya vitabu. Kwa wanafunzi 840 hiyo ni shilingi 5,040,000 kwa mwaka, yaani 420,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, michezo, ukarabati mdogo na karatasi za ofisi. Ukimwonyesha msomaji hesabu hiyo, huhitaji kumwambia kwamba shule ni maskini. Ameshaona.

Angalizo moja. Namba zako zifanane na zile ulizopeleka halmashauri kwenye takwimu za mwaka. Wachambuzi wengi humpigia simu Afisa Elimu kabla hawajaja shuleni. Ukiandika wanafunzi 840 naye akasoma 716, mazungumzo yameisha hapo, hata kama tofauti ni ya wanafunzi waliohamia mwezi uliopita. Kama kuna tofauti, ieleze mwenyewe ndani ya andiko.

Ukishajihesabu, chagua hitaji moja. Najua inauma, kwa sababu shule inahitaji kila kitu. Kipimo changu ni hiki: ni lipi kati ya haya mtu anaweza kulimaliza, akaondoka, na likaendelea kutumika bila yeye? Kompyuta 20 kwenye shule isiyo na umeme wa uhakika wala mwalimu wa TEHAMA hazifaulu kipimo hicho. Nimeziona zikiwa ndani ya maboksi yake stoo, na popo juu.

Na kama kijijini kuna boma, anza na boma. Kuta ambazo wananchi wamezifikisha kwenye lenta zikasubiri paa ndizo barua bora ya maombi niijuayo, maana zinaonyesha jasho lililokwisha kumwagika. Ila kwanza mwite mhandisi wa halmashauri alikague na aandike ripoti. Maboma mengine yamenyeshewa masika manne, nyufa zinaingiza mkono. Afadhali uambiwe na mhandisi wako kuliko na mgeni mwenye kamera.

Hatua ya pili: karatasi mezani

Sehemu hii inachosha, na ndiyo inayoangusha shule nyingi. Kabla hujaandika chochote, tafuta faili moja uweke humo:

- Cheti au namba ya usajili wa shule (ile inayoanza na EM kwa msingi, S kwa sekondari).
- Mpango wa Maendeleo ya Shule, na hitaji lako liwemo ndani yake. Likiwa halimo, itisha kikao mliingize.
- Muhtasari wa kikao cha kamati ya shule (au bodi, kwa sekondari) kilichopitisha mradi huo, wenye tarehe, mahudhurio na saini.
- Muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa unaotaja mchango wa wananchi: mawe, mchanga, maji, kuchimba msingi, au fedha.
- Taarifa ya benki ya miezi 12 na taarifa za mapato na matumizi.
- Uthibitisho wa ardhi. Shule nyingi za vijijini hazina hati. Basi walau pata barua ya serikali ya kijiji na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioitenga ardhi hiyo, na mchoro wa mipaka. Kama kuna jirani mwenye mgogoro na mipaka ya shule, umalize kwanza. Hakuna mfadhili anayejenga kwenye kesi.
- Barua ya Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri.

Hiyo ya mwisho ina safari yake. Inapita kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi au Sekondari, kisha kwa Mkurugenzi, na kila meza ina siku zake. Ipe wiki tatu au nne. Usiipuuze ukidhani utaipata mwishoni, kwa kuwa shule ya serikali si taasisi inayojitegemea kisheria. Mara nyingi mkataba utasainiwa na halmashauri au na asasi iliyosajiliwa, si na mwalimu mkuu.

Ndiyo maana shule nyingine hupitia asasi mshirika. Ni njia nzuri, mradi mkubaliane kwa maandishi nani anashika fedha, nani ananunua, na asasi inachukua asilimia ngapi kwa utawala. Kumbuka pia kwamba tangu kanuni za mwaka 2018, asasi isiyo ya kiserikali inapaswa kuweka wazi fedha inazopokea zinazozidi shilingi milioni 20. Asasi inayokwepa kulizungumzia hilo, nawe ikwepe.

Hatua ya tatu: jua fedha ziko wapi

Watu hukimbilia balozi. Mimi ningeanza nyumbani, kwa sababu ndogo ya kwanza huvuta kubwa ya pili.

Mfuko wa Jimbo upo kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake huongozwa na mbunge. Fedha zake si nyingi, lakini zinatosha mabati ya boma moja au saruji ya sakafu, na zimewekwa kwa ajili ya miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe. Bajeti ya halmashauri nayo ina msimu wake: mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mapendekezo hukusanywa tangu Novemba. Anayepeleka hitaji Mei amepeleka salamu. Mbane diwani mapema.

Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inasimamia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001. Inafadhili miundombinu ya madarasa, mabweni, maabara, vyoo na nyumba za walimu. Wengi hawajui pia kwamba mchango wa kampuni kupitia mfuko huo hupata unafuu wa kodi ya mapato. Ukienda kumwomba mfanyabiashara wa mjini kwenu, mpe habari hiyo. Inamgeuza anayekusikiliza kwa heshima tu kuwa anayechukua kalamu.

Miradi mikubwa ya serikali ya kuboresha shule, kama BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari haiombwi na shule. Fedha hushuka kupitia TAMISEMI na halmashauri. Hapo kazi yako ni kuhakikisha takwimu za shule ziko sahihi kwenye mfumo, kwa kuwa mgao hufuata takwimu.

Kampuni zina milango miwili. Mabenki makubwa, NMB na CRDB yakiwemo, hutenga sehemu ya faida kwa jamii, na elimu imo: madawati, mabati, viti. Andika barua kupitia meneja wa tawi la karibu, si makao makuu, kwa sababu meneja ndiye atakayeulizwa "unaijua shule hii?" Migodi ni suala jingine. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kuandaa mpango wa kuihudumia jamii kila mwaka na kuukubaliana na halmashauri. Shule iliyo kwenye halmashauri ya mgodi haiombi hisani. Inaomba kuingizwa kwenye mpango ambao upo tayari kisheria, na mlango wake ni kata na halmashauri, siyo geti la mgodi.

Balozi. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi ya ngazi ya jamii ambayo kwa miaka mingi imejenga madarasa, mabweni na vyoo nchini. Inaegemea majengo na vifaa. Mishahara na gharama za kuendesha shule haigusi. Canada ina mfuko mdogo wa miradi ya wenyeji, na Australia inao wake unaosimamiwa kutoka Nairobi. Kila mmoja ana mada anazozipa kipaumbele mwaka huo, na ana kalenda yake: mwaka wa fedha wa Japani huanza Aprili, wa Marekani Oktoba. Fuatilia kurasa zao, maana dirisha la maombi likifunguliwa huwa wazi kwa wiki chache. Hali nayo hubadilika. USAID, iliyokuwa nguzo ya miradi mingi ya kusoma na kuandika, ilifunga shughuli zake Julai 2025, na asasi nyingi zilizoitegemea sasa zinagombea mifuko hii hii midogo. Foleni imerefuka.

Klabu za Rotary ni hazina iliyofichika. Ruzuku yao kubwa ya kimataifa inaanzia bajeti ya dola 30,000 na inahitaji klabu mbili, ya hapa na ya nje, pamoja na tathmini ya mahitaji ya jamii iliyofanyika kabla. Huombi kwa barua. Unatafuta mwanachama wa klabu ya mjini kwenu na kumleta aone. Kwa vitabu, Book Aid International ya Uingereza hushirikiana na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo anza na maktaba ya mkoa.

Halafu wapo waliosoma hapo. Kila shule ina kundi la WhatsApp la "Waliomaliza 1998". Hawa hawahitaji andiko. Wanahitaji picha ya darasa lao lilivyo leo na jina la mweka hazina wanayemwamini. Fedha zao, hata kama ni za matundu mawili, zitaandikwa kwenye safu ya "mchango uliokwisha kupatikana", na safu hiyo ndiyo mfadhili huisoma kwanza.

Hatua ya nne: uliza kabla ya kuandika

Soma mwongozo wa mfadhili mara mbili, kisha piga simu au tuma barua pepe fupi: sisi ni shule ya serikali wilaya fulani, tunataka kumalizia vyoo, tunastahili kuomba? Kiwango cha juu ni kipi? Mkataba anasaini nani? Mnalipia usafiri wa vifaa? Maswali manne tu. Jibu la "hapana" kwa simu limekuokolea miezi miwili.

Na hapa niseme kuhusu matapeli. Mtu akikupigia kwamba shule yako imechaguliwa na shirika la nje na inabidi ulipe "ada ya usajili wa mradi" kwa namba ya simu, kata simu. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kuomba. Namjua mwalimu mkuu aliyechangisha wazazi shilingi 1,000 kila mmoja kwa ajili ya ada hiyo, na hadi leo hajaweza kusimama vizuri mbele ya mkutano wa wazazi.

Hatua ya tano: andika

Kama mfadhili ana fomu, jaza fomu yake na si yako. Kama hana, kurasa sita hadi nane zinatosha: sisi ni nani, tatizo, tutafanya nini, nani atafanya, lini, kwa gharama gani, na baada ya hapo nani atatunza.

Sehemu ya tatizo ndiyo huandikwa vibaya zaidi. Soma hii, ambayo nimeiona kwa maumbo mbalimbali mara nyingi mno: "Shule ina upungufu mkubwa wa vyoo hali inayosababisha wanafunzi kusoma katika mazingira magumu na kushusha taaluma." Sasa soma hii: "Wasichana 430 wanatumia matundu sita. Mapumziko ya saa nne ni dakika 30; wa mwisho kwenye foleni hurudi darasani kipindi kikiwa katikati. Kwenye daftari la mahudhurio la darasa la sita na la saba, wasichana 31 walikosa siku mbili au zaidi kila mwezi kati ya Februari na Mei." Ya pili imetoka kwa mtu aliyesimama na saa mkononi. Simama na saa mkononi. Na usitunge, ukikuta mahudhurio hayaonyeshi tatizo hilo, sema tatizo lililopo.

Usiwaahidi watu mbingu. Choo hakiongezi ufaulu kwa asilimia 50. Choo kinapunguza foleni na kumpa msichana sehemu ya kujisitiri na kubadili taulo yake. Ahidi hivyo, kisha eleza utakavyopima.

Sehemu ya utunzaji iwe na jina la cheo na chanzo cha fedha. "Kamati itahakikisha uendelevu" haisemi kitu. "Shilingi 40,000 kwa mwezi zitatengwa kwenye ruzuku ya uendeshaji kwa sabuni na matengenezo, na mwalimu wa afya atakagua kila Ijumaa" inasema.

Balozi nyingi zinataka Kiingereza. Kiandikwe kwa sentensi fupi na mwalimu wa somo, halafu kisomwe na mtu ambaye hajawahi kufika shuleni kwenu. Akiuliza swali, jibu lake liingie kwenye andiko. Kiingereza cha kupamba acha.

Hatua ya sita: bajeti

Mchambuzi mzoefu huanza kusoma bajeti kabla ya maneno. Kwa ujenzi, jedwali la vipimo na gharama, lile mafundi wanaloliita BOQ, litoke kwa mhandisi wa halmashauri. Kwa vifaa, chukua ankara kifani tatu kutoka maduka matatu yaliyo tofauti kweli, siyo ya ndugu watatu wenye muhuri unaofanana. Hakikisha bei zinaonyesha kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo, na muulize mfadhili kama anailipa.

Usafiri huwa unasahaulika. Saruji ya Tanga ikifika Kibondo si saruji ile ile kwa bei. Weka pia usimamizi wa mhandisi, gharama za benki, na dharura kiasi ambacho mwongozo unaruhusu. Bei za mabati na nondo zinaweza kupanda kati ya kuomba na kupokea, na miezi tisa ya kusubiri si ajabu.

Nguvu za wananchi zithamini kwa bei ya mahali penu. Tripu 14 za mchanga, kila moja kwa bei ambayo lori la kijijini hutoza. Siku 60 za vibarua kwa ujira wa kawaida wa hapo. Fungua daftari, kila aliyeleta aandike jina na kusaini. Baadaye daftari hilo litakuwa ndiyo risiti yako, kwa sababu mwenye mkokoteni wa mawe hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kwa manunuzi ya fedha taslimu ya ruzuku, risiti ya EFD haina mbadala. Chagua duka lenye mashine hata kama bei yake imezidi kidogo.

Hatua ya saba: mgeni akija

Akikubali andiko, atakuja kuona. Usisimamishe masomo kwa ngoma ya saa tatu. Mpeleke kwenye choo, kwenye boma, kwenye rundo la mchango wa mawe, kisha umwachie faili. Mwenyekiti wa kijiji na mama mmoja wa kamati waongee kwa maneno yao, wewe ukae kimya, hata wakisema jambo ambalo lisingekupendeza. Nilishuhudia mzee mmoja akimwambia mgeni kwamba mradi wa maji uliopita ulikufa kwa sababu kamati iligombana. Mwalimu mkuu alitamani ardhi ipasuke. Mgeni aliandika kwenye daftari lake, akauliza kamati mpya inafanyaje tofauti, na fedha zikaja.

Hatua ya nane: fedha zikiingia

Soma mkataba wote kabla ya saini, hasa kipengele cha mabadiliko. Ukitaka kuhamisha hata shilingi kutoka mlango kwenda dirisha, omba ruhusa kwa maandishi kwanza. Ruhusa ya mdomo ya afisa anayehamishwa kesho haina thamani. Fungua leja ya mradi peke yake, ingiza mapokezi kwenye FFARS, mfumo wa kielektroniki wa hesabu za shule, kama fedha nyingine za shule, na muulize afisa manunuzi wa halmashauri ni kipi kinapaswa kupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma. Unda kamati ndogo za ujenzi, manunuzi na mapokezi zenye watu tofauti. Anayenunua saruji asiwe ndiye anayeihesabu stoo.

Piga picha kila wiki ukisimama pale pale, chini ya mwembe ule ule. Ripoti ya robo mwaka ipelekwe kwa tarehe, hata kama habari ni kwamba mvua imezuia lori. Mfadhili anavumilia kuchelewa kwa kazi, ukimya unamtisha.

Na kama jibu lilikuwa hapana, andika siku hiyo hiyo kushukuru na kuuliza ni kipi kilipungua. Wengine hawajibu. Wanaojibu watakwambia kitu kama "bajeti haikuwa na ripoti ya mhandisi", kisha watakutajia tarehe ya dirisha lijalo. Iandike kwenye ubao wa ofisi. Faili unalo tayari; badilisha takwimu za mwaka mpya, ongeza ripoti ya mhandisi, na peleka tena.